Birika la umeme la kuchagua joto: nikiliweka 100 halijizimi. Ni bovu, au kuna jambo silijui?

Mchuma Majani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Wiki iliyopita nilinunua birika la umeme lile la kuchagua joto. Lina vitufe vya 40, 70, 80, 90, 95 na 100, kioo kidogo kinachoonyesha joto la maji, na kitufe cha kuyatunza yakiwa moto kwa nusu saa. Nguvu yake wati 1,800. Nililinunua kwa sababu moja tu: rafiki yangu anayefanya kazi kiwandani alinipa robo kilo ya chai ya kijani, na kila nikiitia maji yanayotokota inatoka chungu hadi ulimi unakauka. Nikaambiwa chai ya namna hiyo inataka maji ya 80.

Kwenye 80 linafanya kazi vizuri. Linafika, linalia, linazima. Shida ni 95 na 100. Maji yanatokota, mvuke unajaa jikoni, kioo kinasoma 93, na hapo namba inaganda. Jana nililitazama huku nikihesabu kwa saa ya simu: dakika 6 nzima maji yanatokota na namba haisogei. Nikalizima kwa mkono. Leo nimelipeleka dukani, muuzaji akalijaribu mbele yangu, hali ikawa ileile. Ameniambia hili ni la tatu kurudishwa kwa ugonjwa huohuo, na yuko tayari kunirudishia hela yangu.

Kabla sijalirudisha naomba kujua kama kuna aliyekutana na hili. Na swali la pili, kwa wanaoijua chai: joto la maji lina uzito kiasi hicho kweli, au ni maneno ya wauza mabirika? Nimekulia kwenye mashamba ya chai, mama amechuma majani miaka mingi, lakini nyumbani tumekunywa chai ya sufuria maisha yetu yote. Hakuna aliyewahi kupima joto.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Pasi

Mkuu, uko mkoa gani?

Mchuma Majani

Njombe mjini.

Fundi Pasi

Basi birika lako ni zima, usilirudishe.

Maji hayatokoti kwenye 100 kila mahali. Hiyo 100 ni ya usawa wa bahari: Dar, Tanga, Mombasa. Ukipanda mlima, hewa inayoyakandamiza maji inapungua uzito, na mvuke unapata njia ya kutoka mapema. Hesabu ya haraka tunayotumia mafundi ni kwamba kila mita 300 unazopanda, unatoa nyuzi 1. Njombe iko karibu mita 2,000. Toa 6 au 7 kwenye 100, unapata 93. Ndiyo namba uliyoiona. Maji yakishaanza kutokota, hata uyapige moto mara tatu hayapandi tena, kwa sababu moto wote unaoongeza unaishia kuyageuza kuwa mvuke.

Sasa kwa nini halijizimi. Birika la kawaida, lile la kitufe kimoja, halijui namba yoyote. Kuna kitundu juu, karibu na mpini. Maji yakitokota, mvuke unaingia humo na kushuka hadi kwenye kisahani kidogo cha metali mbili zilizoshikanishwa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo kisahani kikipata joto kinapinduka ghafla na kukata umeme. Ule mlio wa "tak" ndio huo. Utaratibu huu wa mvuke na metali mbili una umri mrefu, birika la Russell Hobbs K1 la mwaka 1955 lilikuwa nao. Uzuri wake ni kwamba unafanya kazi popote, Pwani au Makete, maana unasubiri mvuke tu. Ndiyo sababu ukiacha mfuniko wazi birika la kawaida linachemka bila kuzima: mvuke unatokea juu, haufiki kwenye kisahani.

Lako lina kihisi sakafuni. Kadiri kinavyopata moto ndivyo ukinzani wake kwa umeme unavyopungua, na kompyuta ndogo iliyomo inageuza ukinzani huo kuwa namba ya kwenye kioo. Ukiiambia 100, inasubiri 100. Hapo Njombe itasubiri hadi maji yakauke. Yapo mabirika yaliyopangwa kutambua kwamba namba imesimama, yakazima yenyewe, na mengine yana mahali pa kuingiza mwinuko wa mji wako. Lako halina hicho.

Ukitaka kuhakikisha, azima kipimajoto cha jikoni, chemsha maji kwenye sufuria ya kawaida, upime. Kikisoma 93 na huko, umemaliza. Ila usiliache likachemka hadi maji yaishe ukitegemea kinga ya ndani ikate umeme. Kinga hiyo ni ya dharura, haikuwekwa pale ifanye kazi kila asubuhi.

Mchuma Majani

Asante sana fundi. Shemeji yangu anatengeneza mtindi wa kuuza, nimeazima kipimajoto chake sasa hivi. Sufuria inatokota kwa nguvu zote, kipimajoto kinasoma 93. Nimechochea moto, 93. Miaka yote hii nafundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwenye 100, na nimeyachemsha kila siku ya maisha yangu kwenye 93.

Kwa hiyo vitufe vya 95 na 100 kwangu havina kazi. Chai nyeusi nitumie 90?

Kijana wa Kericho

Salamu kutoka Kericho. Sisi pia tuko kwenye mita 2,000 na kitu, maji yetu hutokota hapo karibu na 93. Na ni hapa hapa ndipo majani chai mazuri yanatoka, kwa hivyo usiwe na wasiwasi kwamba kinywaji chako kitapungua.

Kwa chai nyeusi usitumie 90. Bonyeza 100, na ukiona inatokota vizuri izime mwenyewe. Chai nyeusi imeachwa igeuzwe na hewa kabla ya kukaushwa (sisi kiwandani twasema inafermenti, ijapokuwa hakuna chachu pale), na vile vitu vinavyoipa rangi nyekundu na ukali hutoka vizuri kwenye maji ya moto kabisa. Kuna kipimo cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6, na maji yawe yamechemka wakati huohuo. Hapo hakuna habari ya 80.

Pia angalia aina ya majani. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya ni CTC, zile chembe ndogo ndogo. Mashine husaga, huchana na kuviringa, kwa hivyo jani limepasuka kila mahali na rangi hutoka upesi. Dakika 2 au 3 zatosha. Chai ya jani zima lililoviringwa yataka 4 au 5. Na kwa sisi wa milimani, pasha kikombe kwanza. Ukimimina maji ya 93 kwenye kikombe baridi asubuhi ya Julai, umebaki na 85 kabla hujaanza.

Mwanafunzi Shizuoka

Wadau, mimi niko Japani kwa masomo, mkoa wa Shizuoka, na huku chai ya kijani ni kama maji ya kunywa. Naomba nijibu lile swali la pili la mleta uzi, maana nililiuliza mimi pia mwaka wangu wa kwanza.

Jani la chai lina vitu vingi, lakini kwa ulimi wako vitatu ndivyo vikubwa. Kuna theanini, inayoleta utamu fulani mzito kama mchuzi wa supu. Kuna kafeini, ambayo ni chungu. Na kuna katekini, zinazoleta uchungu pamoja na ule ukakasi wa kukausha mdomo. Theanini hutoka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Katekini na kafeini zinataka moto, kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo zinavyomwagika kwa wingi na kwa haraka. Kwenye chai nyeusi, sehemu kubwa ya katekini imeshageuka kuwa vitu vingine kiwandani. Kwenye chai ya kijani jani linapigwa mvuke, kama hapa Japani, au linakaangwa kama wafanyavyo China, mara tu baada ya kuchumwa, ili lisigeuke. Katekini zote bado zimo. Ukilimwagia maji yanayotokota umeziita zote kwa pamoja.

Huku sencha ya kawaida, ile chai ya kijani ya kila siku, watu wanaiandaa kwa 70 hadi 80. Gyokuro, ile inayofunikwa kivuli shambani kabla ya kuchumwa, inashuka hadi 50 au 60. Lakini hojicha, chai ya kijani iliyokaangwa ikawa kahawia, wanaimwagia maji ya moto kabisa. Kwa hiyo hata hapa si kila chai inataka maji ya 80.

Na kwa asiye na birika la namba: zamani walikuwa wakifanyaje? Kuna chombo kinaitwa yuzamashi, ni kama jagi dogo la udongo lisilo na mfuniko. Unamimina maji ya moto humo kwanza, yanapoa, ndipo unayamwaga kwenye majani. Kila unapohamisha maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine chenye ubaridi, yanashuka nyuzi 5 hadi 10. Vikombe viwili vya kawaida vinafanya kazi hiyohiyo.

Mchuma Majani

Ndugu zangu, leo Jumamosi nimejaribu kwa mikono yangu. Naandika nilichokiona.

Vikombe vinne vya aina moja, vyote nimevipasha kwa maji ya moto. Kila kimoja gramu 2 za chai ya kijani (nimepima kwa mizani ya shemeji), mililita 150 za maji, dakika 2 kamili, kisha nimechuja. Kikombe cha kwanza maji ya 70, cha pili 80, cha tatu 90, cha nne maji yanayotokota, yaani 93.

Cha 70: rangi hafifu, njano ya mbali sana. Harufu ya mahindi mabichi yaliyotoka kuchemshwa. Kinywani ni kitamu, lakini chepesi, kikipita hakiachi kitu. Cha 80: rangi imekolea kidogo, utamu unatangulia, na mwishoni kabisa ukakasi mdogo unaoufanya mdomo utake kunywa tena. Hiki ndicho nilichomaliza. Cha 90: njano iliyoiva, uchungu umetangulia, utamu unautafuta. Cha 93 kina harufu ya mchicha uliochemshwa ukapitiliza, na baada ya mafunda matatu meno yalikuwa kama yamepakwa vumbi.

Majani ni yale yale, ya mfuko mmoja! Nilikuwa nimeshamwambia yule rafiki yangu kwamba chai yao ya kijani haifai. Nimempigia leo kumwomba radhi.

Kile cha 70 nilikirudia kwa dakika 4, kikapata uzito bila kuwa kichungu. Kwa hiyo muda nao unafidia joto, ingawa 80 kwa dakika 2 bado naipenda zaidi. Na majani ya kikombe cha 80 niliyamwagia maji mara ya pili, yakatoa chai nzuri vilevile. Majani ya 93 mara ya pili yalitoa maji machungu tu.

Nimejaribu na vikombe viwili bila birika la namba. Maji ya sufuria 93, nikayamimina kikombe cha kwanza kikiwa baridi, kipimajoto 84. Nikahamishia cha pili, 76. Sisi wa huku tunaanzia chini, hatuhitaji kusubiri sana kama watu wa Dar.

Mama Mapacha

Hongera kwa jaribio, lakini nina jambo moja ambalo naona hakuna aliyeligusa, na kwangu ni kubwa kuliko ladha.

Birika la namba ukiliwekea 80 linayapasha maji hadi 80 na kusimama. Halijayachemsha. Kama maji yako ni ya bomba letu hili, au ya kisima, umekunywa maji ambayo hayajachemka. Wenzetu wanaoandika vile vijitabu vya maelekezo wanadhani maji ya bomba ni salama kama yalivyo. Mimi nachemsha kwanza hadi yatokote, ndipo naacha yashuke hadi 80 ninayotaka. Baadhi ya mabirika yana kitufe cha kufanya hivyo kwa mpigo mmoja: linachemsha, linapoa, linatunza joto ulilochagua. Angalia kama lako linacho.

Na wenye watoto wachanga wanaotumia maziwa ya unga, msidanganyike na kile kitufe cha 40 ambacho dukani wanakiita cha mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo (FAO) wa 2007 unasema maji ya kuchanganyia maziwa ya unga yasiwe chini ya 70, kwa sababu unga wenyewe si kwamba hauna vijidudu kabisa, na joto hilo ndilo linaloviua. Maji yachemshwe, yaachwe yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, yachanganywe yakiwa bado 70 au zaidi, ndipo chupa ipozwe haraka kwenye maji baridi hadi ifae kunywewa. Wanangu walizaliwa kabla ya wakati, nesi alinikalisha chini akanifundisha hili hatua kwa hatua, na sijalisahau.

Fundi Pasi

Dada umesema jambo la maana sana. Naongezea kwa watu wa nyanda za juu: kwa kuwa maji yao yanatokota kwenye joto la chini, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri maji ya kunywa yatokote dakika 1, na kwa walio juu ya mita 2,000 hivi, dakika 3. Kwa hiyo mleta uzi, kule kutojizima kwa birika lako kwenye 100 unaweza kukutumia vizuri. Simama karibu, hesabu dakika 3, zima.

Kuhusu umeme, maana najua swali la Luku linakuja. Lita 1 ya maji ya baridi hadi itokote inakula takriban sehemu 1 ya kumi ya uniti. Uniti 1, lita 10. Ukiishia 80 unaokoa kidogo tu. Anayetaka kuokoa kwelikweli achemshe maji ya vikombe anavyohitaji, asijaze birika kwa kikombe kimoja.

Ukiona linachelewa kuliko ulivyozoea, pima umeme wa nyumbani kabla hujalilaumu. Nguvu ya kipashio inashuka upesi kuliko volti. Birika la wati 1,800 lililotengenezwa kwa volti 230, likipata 180 linabaki na wati 1,100 hivi. Na msitumiwe birika na ndugu wa Marekani bila kusoma maandishi ya chini. La kule ni la volti 120. Nimeletewa mezani kwangu lililochomekwa hapa mara moja tu, kipashio kimeungua na sahani ya chini imeyeyuka.

Bint Malindi, Unguja

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi wote na nimefaidika, lakini na mimi niiseme chai yetu. Chai ya maziwa haiingii kwenye birika hili kwa namba yoyote. Maziwa yataungua sakafuni, kihisi kitafunikwa, na harufu haitoki tena. Chai ya maziwa ni sufuria: iliki iliyopondwa, mdalasini, tangawizi, vichemke kwanza na maji hadi rangi ya viungo itoke, ndipo majani, ndipo maziwa. Ule uchungu wa majani yaliyochemshwa maziwa yanaushika na sukari inaumalizia. Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na haja ya kupima.

Chai ya mkandaa, yaani ya rangi isiyo na maziwa, ndiyo naiandaa kwa birika, na hapa kwetu 100 ni 100.

Tatizo letu ni chumvi ya maji. Kisima chetu kinaacha ukoko mweupe ndani ya birika kila baada ya wiki mbili. Nilikuwa na la namba kama lako, ukoko ulipokuwa mnene likawa linakata kabla maji hayajafika. Nilikamua ndimu nne kwenye maji nusu birika, nikachemsha, nikaacha usiku kucha, asubuhi ukoko ukatoka kama ganda la yai. Siki nyeupe pia inafaa, lakini suuza mara mbili tatu.

Kijana wa Kericho

Mchuma Majani, ukipata nafasi tafuta chai ya zambarau. Ni mmea wa TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima na watafiti wa chai wa hapa Kenya mwaka 2011. Jani lenyewe shambani lina rangi ya zambarau. Ikiandaliwa kama chai ya kijani, itilie maji ya 80, dakika 3. Kisha kamulia tone la ndimu na utazame kikombe: rangi inageuka waridi papo hapo. Mkulima jirani yetu anayo kidogo. Kuna mtu wa kuja Njombe mwezi ujao, nitampa mfuko.

Mchuma Majani

Nitashukuru sana ndugu yangu. Na mimi nitakutumia ya huku.

Mrejesho wa mwisho kwa leo. Birika silirudishi. Dada Mama Mapacha, langu halina kitufe cha kuchemsha na kupoza, kwa hiyo nachemsha kwa 100 nikiwa nimesimama hapo, dakika 3, nazima, nafungua mfuniko. Kutoka 93 hadi 80 lita moja imechukua dakika 14 jikoni kwangu. Kwenye vikombe viwili ni chini ya dakika moja, kwa hiyo asubuhi natumia vikombe na jioni nikiwa na muda natumia birika.

Mama amekunywa kile kikombe cha 80. Alikinusa kwanza, muda mrefu, akasema hiyo ni harufu ya kikapu saa tatu asubuhi, kabla jua halijayakausha majani. Alichuma miaka 19 na hakuwahi kuisikia kwenye kikombe.

Kesho kutwa duka likifunguliwa napita kwa yule muuzaji na kipimajoto cha shemeji. Yale mabirika mawili ya wateja wengine ameyaweka chini ya meza akisubiri gari la Dar, nimwonyeshe kwamba ni mazima.